Angalia Paa Kabla Hujaweka PIN

Tuseme ni Jumamosi, saa tano asubuhi, na umesimama kwenye uwanja wa nyumba kuukuu nje kidogo ya mji wa Gilgil. Nyumba ni ya mawe, vyumba vitatu, chimni moja, mkaratusi mkubwa nyuma ya jikoni. Mabati yamepakwa rangi nyekundu, na rangi yenyewe bado inang'aa. Broka yuko kando yako, simu mkononi.

"Mama, hii nyumba haitafika Jumatatu. Kuna mtu wa Naivasha aliiona jana na ameipenda. Nitumie tu elfu hamsini nikushikie, hayo mengine utaongea na mzee."

Kutuma elfu hamsini ni kazi ya sekunde chache. Namba, kiasi, PIN, na ujumbe umeingia. Lakini paa hilo ulilolitazama kwa dakika mbili ukiwa chini linaweza kukudai pesa hizo mara kadhaa kabla mwaka haujaisha.

Hapa huwa tunaandika sana kuhusu matapeli. Leo tutawagusa kidogo tu, mwishoni. Broka huyu huenda ni mwaminifu kabisa. Nyumba ipo, mzee mwenye nyumba yupo, hatimiliki ni safi. Na bado unaweza kupoteza akiba yako, kwa sababu hakuna aliyekudanganya na hakuna aliyekuambia. Nyumba kuukuu huuzwa jinsi ilivyo. Ukishasaini bila kuandika lolote kuhusu paa, kumrudia muuzaji na kumwambia "linavuja" ni safari ndefu, na mara nyingi haifiki popote.

Kwa nini paa, na si ukuta

Ukuta wa mawe wa nyumba za zamani za Gilgil unaweza kusimama miaka mia. Reli iliyotoka Mombasa ilipita hapa kabla ya kufika Kisumu mwaka wa 1901, na baadaye Gilgil ikawa mahali pa kugawanyika njia, tawi moja likipanda kwenda Nyahururu. Nyumba zikafuata: za wafanyakazi wa reli, za mashamba ya walowezi, za kambi ya jeshi, na baada ya uhuru za walimu, wanajeshi waliostaafu na wafanyabiashara. Nyingi zimeshabadilisha wenyewe mara tatu nne. Ukuta ni ule ule. Paa limepigwa viraka na kila mmoja wao kwa kadiri ya mfuko wake.

Halafu kuna hali ya hewa. Gilgil iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua hupiga bati mpaka huwezi kuligusa, usiku baridi huingia hadi kwenye mifupa. Bati hutanuka na kunywea kila siku, na kila likifanya hivyo msumari hulegea kidogo. Ongeza upepo wa Bonde la Ufa unaoingia chini ya ukingo wa paa na kujaribu kulinyanyua. Miaka arobaini ya mchezo huo haiwezi kufichwa na kopo la rangi.

Kwa hiyo rangi mpya juu ya mabati ya zamani isikufurahishe haraka. Inaweza kuwa mzee alitaka nyumba ipendeze, na hakuna ubaya. Inaweza pia kuwa imewekwa juu ya kutu. Tazama upande wa chini wa bati, pale linapotokeza nje ya ukuta. Huko brashi haifiki mara nyingi, na kutu haijui kujificha.

Anza ukiwa mbali

Usikimbilie ngazi. Rudi nyuma hadi kwenye geti au ng'ambo ya barabara, ufumbe jicho moja, na ufuate kwa jicho lingine mstari wa kilele cha paa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mstari unatakiwa unyooke. Ukiona umebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, tatizo si mabati, ni mbao zilizo chini yake. Na mbao ni gharama nyingine kabisa: kubadilisha mabati peke yake ni kazi moja, kubadilisha mabati pamoja na mbao ni karibu kuezeka nyumba upya.

Sogea karibu, uzunguke nyumba. Tazama sehemu nne ambazo ndizo huanza kuoza kabla ya nyingine. Kwanza ni pale bati moja linapolala juu ya jingine, kwa sababu maji hukwama katikati na hayakauki. Pili ni tundu la kila msumari. Msumari wa zamani uliopigwa kwenye mgongo wa wimbi la bati una nafasi ya kuishi. Uliopigwa bondeni, mahali maji yanapopita, ulikuwa unavuja tangu siku ya kwanza. Tatu ni bonde la paa, pale pande mbili za paa zinapokutana na kumwaga maji sehemu moja. Majani ya mkaratusi yakijaa hapo, maji hupanda chini ya bati. Nne ni kuzunguka chimni. Nyumba nyingi za zamani za Gilgil zina mahali pa kuotea moto, na kipande cha bati kinachoziba kati ya chimni na paa ndicho mafundi wengi huharakisha. Ukiona saruji imepakwapakwa pale kama ugali, mtu amekuwa akipigana na uvujaji huo kwa muda.

Kama nyumba iliongezwa chumba baadaye, tafuta mahali paa jipya lilipoungana na la zamani. Ningeweka pesa yangu kwamba panavuja, au pamewahi kuvuja.

Gata nazo zina habari. Gusa ubao wa fashia uliobeba gata, ule wa ukingoni. Kidole kikizama, maji yamekuwa yakirudi nyuma badala ya kwenda kwenye tangi.

Kisha ingia darini

Hapa ndipo ukweli wote ulipo, na hapa ndipo wanunuzi wengi hawafiki. Suti ya Jumamosi, vumbi, popo, nani anataka? Uliza kama kuna mlango wa dari. Nyumba nyingi zina mraba wa ubao kwenye koridori au stoo. Ukiambiwa "huo haufunguki", omba ngazi na uone kama kweli haufunguki.

Ukiwa juu, kanyaga boriti tu, usikanyage ubao wa dari kwa sababu utajikuta sebuleni. Jambo la kwanza ni kuzima tochi. Kaa gizani dakika moja mpaka macho yazoee. Kila nukta ya mwanga unayoiona juu yako ni tundu. Zihesabu. Nukta tano sita karibu na misumari ni kazi ya nusu siku ya fundi. Ukiona anga ya usiku yenye nyota, hayo mabati yamekwisha, hata kama kwa nje ni mekundu na yanang'aa.

Sasa washa tochi ya simu, umulike mbao. Alama nyeusi inayoshuka kutoka juu ni njia ya maji. Toa bisibisi mfukoni na ujaribu kuichoma mbao pale alama ilipo, na pia kwenye ncha zinazokalia ukuta. Mbao nzima hukataa. Mbao iliyooza hukubali bisibisi kama inakubali kisu kwenye mkate. Mbao za saiprasi ndizo utakazoziona zaidi. Katika nyumba za zamani sana unaweza kukutana na mtarakwa, mti wa mlimani ambao mchwa hawaupendi na ambao wenyeji wa huku wameutumia kwa nguzo za ua tangu zamani. Ukikuta mtarakwa mzima, hiyo ni bahati, na usimruhusu fundi akuambie ubadilishwe kwa sababu tu "ni wa kitambo".

Tafuta mifereji ya udongo inayopanda ukutani kama mishipa. Hiyo ni njia ya mchwa. Ivunje kidogo: wakitokea wadudu hai, wapo kazini. Unga laini wa manjano chini ya matundu madogo ya mviringo ni wadudu wengine, wanaotoboa mbao kutoka ndani. Popo wenyewe hawali mbao, lakini rundo la mavi yao ni uzito juu ya dari na ni uchafu kwenye maji ya tangi.

Halafu angalia jinsi paa lilivyofungwa kwenye ukuta. Waya mzito au ukanda wa chuma unatakiwa utoke ndani ya ukuta na kuzunguka mbao. Kama paa limekaa tu kama kofia, siku moja upepo utalivua kama kofia.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Usiku wa baridi, upande wa chini wa bati hutoa matone, jasho la bati, kwa sababu hewa ya ndani yenye unyevu inagusa chuma baridi. Asubuhi unaona alama za maji na unasema paa linavuja, kumbe halina tundu. Tofauti ni hii: jasho huacha madoa madogo yaliyotawanyika kote, hasa juu ya jikoni na bafu. Uvujaji huacha duara moja la kahawia lenye mipaka, na duara hilo huongezeka kila msimu, duara ndani ya duara. Dawa ya jasho ni kuruhusu hewa ipite darini, na hiyo ni kazi ya pesa kidogo.

Ukishuka, tazama dari ya kila chumba kwa makini. Ubao mmoja mweupe kuliko wenzake unauliza swali. Muulize mzee, kwa heshima, "Mzee, hapa palifanywa nini?" Mara nyingi mwenye nyumba atakuambia ukweli ukimuuliza moja kwa moja. Ni kutangaza mwenyewe ndiko hakumjii.

Na kama unaweza, rudi mvua ikinyesha. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Nyumba inayouzwa Januari, jua likiwa kali, haina namna ya kujishtaki. Kama huwezi kungoja, omba mpira wa maji, mtu amwage kwenye kilele, kwenye bonde la paa na kuzunguka chimni kwa dakika ishirini huku wewe uko darini na tochi.

Ukiona paa la kijivu, simama

Sehemu hii isome mara mbili. Kama paa si la bati wala vigae bali ni la vipande vinene vya kijivu vyenye mawimbi mapana, visivyopata kutu, vyenye kuvu au ukoga juu, na ukivigonga havilii kama chuma, huenda ni asbestosi. Ilitumika sana Kenya kwenye nyumba za serikali, shule, majengo ya reli na nyumba za mashamba.

Asbestosi iliyotulia, ambayo haijavunjika, haikurukii. Hatari iko kwenye vumbi lake. Ikikatwa, ikitobolewa, ikisuguliwa kwa brashi au kuoshwa kwa maji ya presha, hutoa nyuzi ndogo ambazo jicho halioni, nazo zikiingia mapafuni hazitoki. Magonjwa yake, pamoja na saratani ya mapafu na ya utando unaoyafunika, hujitokeza miaka ishirini, thelathini au zaidi baadaye. Fundi kijana anayeivunja leo kwa nyundo bila kitu usoni anaweza kuugua akiwa mzee, na hakuna atakayekumbuka ni nyumba gani.

Kanuni za Kenya za usimamizi wa taka za mwaka wa 2006 zinaihesabu asbestosi miongoni mwa taka hatari. Huwezi kuibomoa na kuitupa kwenye shimo nyuma ya nyumba, kuichoma, wala kumpa jirani aezekee banda la kuku. Kuiondoa kunahitaji watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira: huloweshwa kwanza isitoe vumbi, hufungwa kwenye plastiki, na kupelekwa mahali palipoidhinishwa.

Kwa mnunuzi maana yake ni rahisi. Unanunua nyumba na unanunua pia gharama ya kuondoa paa lake kabla hata hujanunua bati moja. Kwa macho tu huwezi kuwa na uhakika, kwa sababu kuna mabamba ya saruji yanayofanana nayo ambayo hayana asbestosi. Ni maabara ndiyo itakayosema. Mpaka hapo ichukulie kuwa ndiyo, usiitoboe, usiipande, na upate bei ya kuiondoa kutoka kwa kampuni yenye leseni kabla ya kukubaliana bei ya nyumba. Mabamba hayo pia huvunjika chini ya mguu bila onyo.

Paa ni maji pia

Mtu wa Nairobi akinunua nyumba Gilgil hulifikiria paa kama kofia. Mwenyeji hulifikiria kama kisima. Maji ya visima katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Gilgil, Elmenteita na Nakuru zikiwemo, yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Ikizidi kwa miaka, meno ya watoto wanaokua hapa hupata ile rangi ya kahawia ambayo kila mtu wa huku anaijua, na ikizidi sana huumiza mifupa. Kuchemsha hakuondoi floridi. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imekuwa ikitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa kwa sababu ya shida hiyo hiyo.

Maji ya mvua hayana shida hiyo. Hesabu yake haihitaji mhandisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 10, paa likitokeza sentimita 60 kila upande, hufunika mita za mraba karibu 148. Mvua moja nzuri ya milimita 20 inamwaga hapo karibu lita 2,960. Hata ukipoteza lita moja kati ya tano njiani, una zaidi ya lita 2,300 kwenye tangi kwa mvua moja. Paa lenye kutu, gata zilizoanguka na mavi ya popo linakunyima maji hayo, na utayanunua kwa mtungi.

Toa kalamu

Sasa fanya hesabu ya paa lenyewe, kwa nyumba hiyo hiyo. Paa likiwa na mteremko wa wastani, nyuzi 25 hivi, eneo lake ni kubwa kuliko kivuli chake kwa karibu asilimia 10. Mita 148 zinakuwa karibu 163. Ongeza asilimia 10 nyingine kwa kukata na kulaza bati juu ya bati, unafika karibu 180. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani. Ukinunua kwa kipande, uliza kipande kimoja kinafunika upana gani baada ya kulalia mwenzake, si upana wake kikiwa chini.

Uliza bei katika maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, siku moja, bati la geji ile ile. Na hapa geji huwachanganya watu: namba ikiwa ndogo, bati ni nene. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko 32. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye bati lenyewe; usichukue neno la muuzaji. Kisha ongeza misumari, kilele, gata, mbao za kubadilisha na kazi ya fundi.

Fundi wa kukuangalizia paa usimchukue kutoka kwa muuzaji, na usimchukue yule anayetumaini kupata kazi ya kuezeka. Wa kwanza atasema liko sawa, wa pili atasema limekufa. Tafuta mtu, mwambie mapema, "Fundi, nakulipa uniangalizie tu, kazi ya kuezeka nitampa mwingine." Mlipe kwa simu na uhifadhi ujumbe. Akuandikie anachokiona na akupigie picha darini. Ada hiyo inauma kwa sababu nyumba unaweza usiichukue. Ilipe hata hivyo.

Namba yako ikishatoka, rudi kwa mzee. Usidharau nyumba yake. Ameishi humo, amelea watoto humo. Mwonyeshe picha. "Mzee, nyumba naipenda. Lakini upande wa nyuma mbao zimeoza, na kurekebisha ni kiasi hiki." Picha na bei ya maduka matatu hufanya mazungumzo kuwa mafupi. Mtakubaliana mambo matatu yanayowezekana: apunguze bei, atengeneze yeye kabla hujalipa, au sehemu ya pesa ibaki kwa wakili mpaka paa litengenezwe. Mimi ningechagua la kwanza. Muuzaji anayetengeneza paa ambalo hatalala chini yake hununua bati la bei ya chini kabisa. Lolote mtakalochagua liandikwe kwenye mkataba wa mauzo. Sheria ya Kenya inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, uliosainiwa na kushuhudiwa. Ahadi ya mdomo kuhusu paa huishia pale pale kwenye geti.

Ile elfu hamsini

Turudi kwa broka, bado anangoja. Mjibu hivi: "Asante, malipo ya kwanza yatapitia kwa wakili baada ya sachi ya ardhi na fundi kuona paa." Kama nyumba ni ya kweli, atanung'unika kisha akubali. Kama atakasirika, umeokoa pesa.

Pesa ya kushikiwa nyumba iliyotumwa kwa namba ya mtu binafsi haina jina la nyumba, haina jina la mzee, haina sababu. Ujumbe wa simu unaonyesha tu kwamba fulani alimtumia fulani. Na usitegemee kuirudisha. Huduma ya kurudisha muamala imetengenezwa kwa anayekosea namba, si kwa anayejuta, na mpokeaji akishaitoa kwa ajenti hakuna cha kurudisha.

Nyumba yenyewe haitalipwa kwa simu, hilo linajulikana: tangu Agosti 2023 viwango vya juu kwenye mtandao mkubwa zaidi nchini ni shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Lakini vitu vidogo vinavyozunguka ununuzi, vyote hupita kwenye simu, na hapo ndipo watu huvuja. Malipo ya huduma za serikali kama sachi yafanyie kwenye eCitizen, ambako Paybill ya serikali ni moja, 222222. Mtu akikuambia umtumie kwenye namba yake "afanye haraka", mwache. Kabla ya PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Unamlipa duka la mabati na limetokea jina la mtu usiyemjua? Simamisha.

Ukishanunua na kazi ya paa ikianza, usimtumie fundi pesa za vifaa. Nenda dukani, au piga simu, lipa moja kwa moja kwenye Till ya duka, na uhesabu mabati yakishushwa. Kazi ya mikono ilipe kwa sehemu: kidogo akianza, nyingine mbao zikishafungwa na ukazipigia picha kabla hazijafunikwa, nyingine bati la mwisho likishapigwa. Bakisha sehemu moja, na mwambie mapema kwamba hiyo inangoja mvua. Fundi mzuri hatakataa, atakuuliza tu kama una uhakika mvua itanyesha mwezi huu. Ikinyesha, panda darini na tochi, ukague bonde la paa na kuzunguka chimni. Pakiwa pakavu, mtumie salio lake ukiwa huko huko juu.